Sahihi ya Twaiba

Kalamu ilikuwa imeshavuliwa kifuniko, ncha yake ikimwelekea. Twaiba aliitazama kama nge aliyeingia mkekani.

"Tia sahihi, mama, ukawapikie wanao," alisema Sajini Sanga kwa upole. "Wewe hatuna haja nawe. Tunamtaka Dishon."

Asubuhi ile mkufu wa mgeni ulikosekana katika jumba la Diani ambamo Twaiba alifua na kutandika vitanda kwa miaka tisa. Yeye na Dishon, mtunza bustani kutoka bara, wakapakiwa kwenye gari la polisi na kuletwa kituoni pasipo kuelezwa kosa. Sasa Dishon alikuwa selini, na karatasi ilikwishaandikwa. Twaiba aliisoma kidole kikifuata mistari: eti yeye alimwona Dishon akitoka chumbani kwa mgeni, mkono mfukoni.

"Afande, haya sikuyasema."

"Yameandikwa kukusaidia."

Funika kombe mwanaharamu apite: ndivyo alivyolelewa, na ndivyo alivyoishi na wenye mamlaka. Lakini leo chini ya kombe palikuwa na mtu. Akamkumbuka Eddah, msaidizi wa kisheria aliyezungumza na kina mama wa Msambweni: aliyekamatwa aelezwe sababu, ana haki ya kunyamaza, ya kupata wakili, wala asilazimishwe kukiri. Siku ile Twaiba alijipepea kwa kijitabu cha katiba walichogawiwa, akiamini maneno yale ni ya watu wengine, wenye viti vyao mjini.

"Nimekamatwa kwa kosa gani?" aliuliza. Sauti yake ilimtoka nyembamba.

Upole ukamtoka sajini usoni. "Nani amekufundisha hayo?"

"Nataka wakili. Na hii siitii sahihi."

"Basi utalala ndani."

"Nitalala. Kesho nifikishwe mahakamani."

Akalala sakafuni, amenyang'anywa simu, akimwaza Rai na wadogo zake na kujiita mjinga mara nyingi kuliko alivyojiita jasiri.

Kesho yake, katika mahakama ya Kwale, mwendesha mashtaka alilifungua faili, akaligeuza nyuma na mbele. "Hamna mkufu, hamna shahidi," alimwambia sajini. "Niwashtaki kwa lipi?" Kisha akawageukia wale wawili. "Nendeni. Huenda mkaitwa tena."

Nje, Twaiba alipoiwasha simu aliyorudishiwa, ujumbe wa meneja ulikuwa ukimngoja: asije kazini mpaka aarifiwe. Dishon alikuwa ametangulia bila kumsemesha, jicho la kushoto limevimba.

"Dishon."

Alisimama, asigeuke. "Waliniambia ulisaini, Mama Rai. Walinisomea na jina lako."

"Sikusaini."

Alimgeukia, akamtazama kwa lile jicho moja zima. Twaiba alitaka kumsimulia yote: karatasi, kalamu, sajini. Alisema tu, "Nami nililala sakafuni."

Dishon alivuka barabara, akasimamisha tuktuk. Hakupanda. Alisimama pale ameshika nguzo ya mlango, uso kwa Twaiba, dereva akimuuliza kama ni safari au si safari. Twaiba akaufunga mtandio wake vizuri, akaanza kuvuka.