Nati ya Betri

Wiki iliyopita binti alimpokonya baba yake mzazi ufunguo wa gari lake kuukuu. Alitumia maneno matamu, lakini kupokonya ni kupokonya tu. "Baba, umri umeenda. Unasahau kuzima taa, betri inakufa, unakwama katikati ya barabara. Siku moja utatuletea msiba." Mzee aliuweka ufunguo mezani, akaingia chumbani kwake.

Leo binti huyo, fundi wa umeme wa magari anayesifiwa mtaa mzima, alifungua boneti alisafishe gari lipate mnunuzi. Akawasha taa, zikawaka vizuri. Akagusa waya mweusi wa betri, kuugusa tu, zikazimika zote. Akaugusa tena, zikawaka. Nati ilikuwa imelegea, inacheza kama jino bovu.

Kumbe gari lilikuwa likikwama kwa nati hiyo, si kwa taa zilizosahauliwa. Nati hiyo aliifungua yeye mwenyewe, siku alipomfungia mzee redio ya gari. Simu iliita kabla hajamaliza, akaikaza kwa vidole, akasema atarudi na spana. Spana gani! Alifunga boneti, akaenda zake.

Sasa akaikaza. Nusu mzunguko tu, kazi imekwisha.

Mzee alikuwa amesimama mlangoni. "Umeona nini, mama?"

"Nati, baba. Ilikuwa imelegea." Akatafuta pa kuanzia.

Mzee akavitazama viganja vyake, mbele na nyuma. "Basi nitakuwa nimeilegeza mimi," akasema. "Nisamehe, mama. Hata sikumbuki."