Somo la Chumbani

Mwalimu mkuu alipopendekeza kwenye mkutano wa wazazi kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha mbili, ya shule na ya nyumbani, mama mmoja, fundi cherehani, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama.

"Lugha ya nyumbani haimpi mtu kazi," alisema. "Mimi nimeganda kwenye cherehani kwa sababu hiyo hiyo. Mwanangu hataganda hapo."

Wazazi wakapiga makofi, muuza nyama akiwashinda wote. Mwalimu mkuu akajaribu kueleza kwamba mtoto hujengea juu ya kile anachokijua, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Pendekezo likafia pale pale.

Fundi hakuishia hapo. Alipofika nyumbani alimwita bintiye, mtoto wa darasa la pili aliyepewa jina la Chiriku kwa jinsi alivyokuwa hafungi mdomo, akamwambia kuanzia leo humu ndani ni lugha ya shule tu. Naye mwenyewe lugha hiyo aliijua ya kuombea maji. Basi nyumba ikabaki na "ndiyo" na "hapana", mwisho hata hizo zikaadimika.

Alasiri moja, jua likiwaka dirishani, alikuwa akishona kola akamsikia Chiriku chumbani akihesabu kwa lugha ya nyumbani. Akaachia pedali ili akamkaripie. Ndipo akasikia sauti ya pili.

"Sivyo, mjukuu wangu. Saba umeiruka. Anza tena, taratibu."

Ilikuwa sauti ya kizee, yenye mkwaruzo, ikiyavuta maneno. Fundi aliijua. Nywele zikamsimama, maana mama yake alifariki kabla Chiriku hajazaliwa.

Akausukuma mlango. Mtoto alikuwa peke yake mkekani, amekunja miguu kwa adabu, ameuelekea ukuta mtupu.

"Unaongea na nani?" Kwa fadhaa aliuliza kwa lugha ile ile aliyoipiga marufuku.

"Na bibi. Hesabu za mwalimu sizielewi, yeye ananielewesha." Chiriku akautegea ukuta sikio. "Anasema, 'Kifaranga, mbona umeniachia mtoto?'"

Jina hilo lake la utotoni hakuna mtu mwingine aliye hai aliyelijua. Akaketi sakafuni.

"Nisamehe, mama," akanong'ona. "Pumzika. Nitaongea naye mwenyewe."

Chiriku alisogea kando kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake apite.

Kwenye mkutano uliofuata fundi alisimama tena. Akasema amebadili mawazo, watoto wafundishwe kwa lugha zote mbili. Alijiandaa kuchekwa, lakini hakuna aliyecheka. Wazazi wengine waliinamisha vichwa, wengine wakaangalia viganja vyao. Mwalimu mkuu akauliza kama yupo anayepinga. Hakuna aliyenyoosha mkono, na mwalimu mwenyewe akaonekana kushangaa.

Wakitoka, muuza nyama akamfuata fundi hadi getini. Alikuwa amekonda, macho mekundu.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini, "kwako ameshaondoka?"

Fundi akaitikia kwa kichwa. "Ameondoka."

"Ulimwambia nini?"

Akamweleza. Muuza nyama akayarudia maneno yale, midomo ikimcheza, asisahau hata moja.

"Wa kwangu ni baba," akasema. "Na baba hakuwa mpole hata alipokuwa hai."