Sanduku la Kioo la Karani

Mapovu mawili yalitoka puani mwa kobe, moja dogo, moja kubwa, yakapasuka juu ya mizani ambayo siku nyingine hupimiwa vitoto vya mbuzi. Daktari wa mifugo aliyatazama, kisha akanitazama mimi.

"Mzee, huyu anaishi na nani?"

"Peke yake."

"Wapi?"

"Uani, juani. Pakavu kiasi kwamba sisimizi wakipita wanabeba maji ya njiani."

Hakucheka. Aliandika.

Acha nieleze kabla sijajichafua zaidi. Shule niliipitia dirishani, na labda ndiyo maana nikawa fundi wa vioo. Miaka thelathini na moja nimefunika madirisha ya watu, na kustaafu kulinikuta na mikono mizima na mdomo usio na kazi. Mdomo nikautafutia kibarua cha kusimulia. Mtaani wananiita Chumvi, na hawakukosea.

Kobe ni wa dada yangu, aliyenitangulia kuzaliwa kwa miaka minne na hajawahi kuacha kunikumbusha. Ni fundi cherehani. Shemeji alipofariki, dada alibaki na cherehani yake na kobe huyu, aliyempa jina Karani, kwa sababu ukimwita anakutazama kwanza kama anayetafuta faili lako, halafu anarudi ndani. Mwaka ule dada alikwenda kutengenezwa nyonga, miezi mitatu ya hospitali na mazoezi. Alinikabidhi Karani ndani ya kikapu, pamoja na maagizo manne nyuma ya karatasi ya kukatia gauni: akae pakavu, apate jua, asipewe mkate, akae peke yake.

"Huyu nimemzoea kuliko nilivyomzoea marehemu," aliniambia. "Nikirudi nisimkute, usinitungie hadithi."

Agizo la nne ndilo lililonikwaza. Tangu mke wangu aondoke nilijua maana ya kukaa peke yako: unapika cha wawili kwa mazoea, unakula cha mmoja, kilichobaki mnatazamana nacho. Nikaona dada kapitiwa tu. Basi jirani yangu, mwalimu wa baiolojia aliyepata uhamisho, alipotafuta mtu wa kumwachia guruguru wake wawili, wale mijusi wakubwa, na kobe wa majini, nikamwambia alete.

Nikajenga sanduku sebuleni. Kioo cha milimita sita, fremu ya alumini, bwawa upande mmoja, mchanga upande wa pili, taa ya joto katikati. Na kwa kuwa kazi ya fundi kioo ni kuzuia upepo na mvua, niliziba kila upenyo kwa gundi, nikalainisha kingo kwa kidole kama nilivyofundishwa ujanani. Mlango wa juu, wa kupitishia chakula, niliuzungushia mpira. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile. Kosa langu lilikuwa palepale, linang'aa.

Watu wakaja kutazama. Niliwaambia Karani ana miaka mia moja na arobaini, kwamba aliwahi kuitwa shahidi na kesi ikaahirishwa mara tisa akiwa bado njiani. Walicheka, nami siku hizo chakula kilishuka vizuri. Asubuhi kioo kilijaa ukungu kwa ndani. Nilipitisha mkono na kitambaa nikaufuta, wageni waone. Kobe wa majini alimng'ata Karani mguu wa nyuma. Nikasema ni watani. Wiki ya tano Karani aliacha kula. Ya sita macho yakavimba, yakafumba. Nikafunga safari na kikapu.

"Kama anakaa pakavu na juani," daktari alisema akivuta droo, "basi unyevu tunauondoa kwenye hesabu. Nitashika kwamba ni minyoo. Dawa yake ni kali, na kwa udhaifu huu inaweza kumwua. Lakini kwa maelezo yako sioni njia nyingine."

Akaijaza sindano.

Nimewahi kusimulia, bila kupepesa, jinsi nilivyobeba kioo cha duka zima mgongoni katikati ya dhoruba na upepo ukanivusha mto. Siku ile neno moja tu lilinishinda. Mguu wa Karani ulikuwa umelegea kwenye vidole vya daktari kama soksi.

"Daktari, subiri. Nimekudanganya."

Nikamweleza yote. Bahati mbaya, ukweli wenyewe ulifanana sana na hadithi zangu nyingine.

"Guruguru wawili," alirudia.

"Wawili."

"Na bwawa. Sebuleni. Ndani ya kioo."

"Na taa."

Aliweka sindano chini. "Mzee wangu, sasa nishike lipi?"

"Twende ukaone."

Kwangu, alipofungua mlango wa juu wa sanduku na kuinama, miwani yake ilifunikwa na ukungu papo hapo. Alisimama hivyohivyo, haoni kitu.

"Umemtia kwenye sufuria, ukafunika," alisema. "Huyu ni wa nchi kavu, yule wa maji. Na kila mnyama ana vijidudu alivyovizoea yeye, mwenzake vinamlaza. Nani alikwambia uwachanganye?"

"Hakuna. Nilidhani ana upweke."

Alivua miwani akaifuta kwa pindo la koti. "Kobe?"

Nikaizima taa ya sanduku.

Siku hiyohiyo nilikata gundi yangu kwa kisu, kioo kwa kioo. Guruguru na kobe wa majini walichukuliwa na rafiki wa daktari mwenye nafasi ya kila mmoja na chumba chake. Karani alihamia kwenye boksi la mbao lililo wazi juu, magazeti makavu chini, taa pembeni. Sindano kila siku ya tatu, dawa ya macho, na asubuhi beseni la maji vuguvugu, kisha kumkausha kama mtoto mchanga. Siku ya kumi na tisa aliuma ncha ya jani la boga. Jicho la kulia lilifunguka. La kushoto lilibaki jeupe kama kioo cha bafuni.

Dada alirudi, akaja kwangu akitembelea fimbo. Nilikuwa na hadithi tatu tayari, ya kwanza ina mwewe. Alikaa, akampakata Karani, akamgeuza kuelekea dirishani.

"Jicho limefanya nini?"

"Nilimchanganya na wengine kwenye unyevu, nikaziba hewa. Aliugua, nusura afe. Ni mimi, dada."

Alingoja yaliyobaki. Kwangu alizoea kuwa kuna yaliyobaki.

"Ndiyo yote?"

"Ndiyo yote."

"Niliandika akae peke yake."

"Uliandika."

"Sasa kwa nini, wewe mtoto?"

"Nyumba hii ina nafasi kubwa," nikasema.

Alipapasa gamba kwa kidole chenye matundu ya sindano ya cherehani.

"Hospitali ulikuja mara mbili."

"Niliogopa utaniuliza habari zake."

"Ningekuuliza na zako, mpumbavu wewe."

Nilimsindikiza kwake nimebeba kikapu. Yeye na fimbo yake, mimi na magoti yangu, Karani amechungulia kwa jicho lake moja. Safari ya dakika kumi ilituchukua nusu saa. Mlangoni alinipa ufunguo nifungue, kwa kuwa mkono wake ulikuwa na fimbo.

"Unaingia, au kuna watu wanakusubiri uwadanganye?"

Nikaingia.