Mkaa wa Mpakani

Mume wangu Tahiru alipofariki, mzee Paulino na mkewe Kiden walikuja mazikoni. Wao ni Wakatoliki, lakini kabla ya kupita kati ya makaburi yetu mzee aliinama akavua viatu kama sisi, na Kiden akavua vyake. Sikuisahau heshima ile.

Mzee Paulino alikuwa hakimu wa baraza yetu ndogo, nje kidogo ya Koboko. Wakati wa Waingereza alianza kama tarishi wa Bwana DC, akimbebea kamba ya kupimia na kumtafsiria. Mkanda wa kazi ile aliuvaa hata alipopata uhakimu. Kifungo chake kilikuwa cha shaba, kina taji, na alikisugua kwa majivu kila asubuhi.

"Mzee, malkia alienda zamani," watu walimtania.

"Yeye ameenda," alijibu, "lakini suruali yangu iko."

Nilipotoka eda, shemeji yangu Sebit akanishtaki. Alisema mpaka wake na marehemu ndugu yake unapita kwenye mti wa msaji, kwa hiyo nyumba yangu imesimama kwenye ardhi yake. Kama angeshinda, mimi na binti yangu Rehemah tungefunga vitu vyetu na kurudi Arua, kukaa kwa watu.

Mzee Paulino alitusikiliza wote wawili, kisha akasema, "Huu mpaka tuliweka sisi na DC. Jiwe la pembeni lilikuwa hapa nyuma ya baraza, kiwanja cha mama huyu kinapoishia. Naona limetoka, sitauliza nani amelitoa. Lakini chini ya jiwe tulifukia mkaa. Jiwe linahama, mti unakatwa, mkaa haiozi. Jumatatu tutachimba."

Jumatatu tulikuta Land Rover ya jeshi mbele ya baraza, na kwenye kiti cha mzee amekaa sajini anaitwa Andama. Siku hizo serikali ilikuwa inawaleta askari kuwa machifu. Alituambia yeye ndiye chifu, na kesi pia atasikiliza yeye.

"Na hakimu?" niliuliza.

"Amekwenda Sudan."

"Bila kumuaga mke wake, afande?"

"Wazee wa siku hizi iko na haraka, mama."

Nikarudi nyumbani. Kiden alikuwa ameniambia mumewe aliondoka nyumbani akiwa amevaa nguo za kazi, na chai yake hakuimaliza. Mtu hafungi safari ya Sudan hivyo. Lakini nilikuwa na nyumba ya kutetea, na nilimwomba Mungu kitu kimoja tu, mkaa uonekane.

Mvua za mwanzo zilikuwa zimeshanyesha Andama alipotuita. Alitaka kumaliza upesi. Nikamwambia maneno ya mzee kuhusu mkaa, na kwamba desturi ya baraza ni anayedai ndiye achimbe, ili baadaye asiseme ametegewa.

Sebit akacheka. "Shemeji anataka nilime bure. Sawa, Mama Rehemah, nitalima. Halafu wewe utapanda muhogo Arua."

Tukazunguka nyuma ya baraza, mimi, Sebit, Andama na wazee wachache. Nikawaonyesha pale mume wangu alipokuwa akinionyesha. Majani yalikuwa mafupi mahali pale kuliko pembeni. Niliona, lakini sikutilia maanani.

Sebit akapiga jembe. "Angalieni, udongo laini kama uji ya mgonjwa. Hata ardhi iko upande yangu."

Wazee wakacheka kidogo. Sebit akaendelea kuchimba, jasho likimtoka, na baada ya muda udongo mwekundu ukaanza kutoka na vipande vyeusi. Mzee mmoja akaokota kimoja, akakivunja, vidole vikawa vyeusi.

"Mkaa," akasema.

Nikasema alhamdulillahi kwa sauti. Nyumba yangu ilikuwa imepona. Lakini kabla ulimi wangu haujatulia, nikaona mkaa ule haukulala pamoja kama kitu kilichofukiwa na kuachwa. Ulikuwa umetawanyika kila mahali, kama uliochimbuliwa ukarudishwa. Nikataka kumwambia Sebit inatosha.

Jembe lake likavuta nguo.

Akalivuta tena, bila kuelewa, na mkanda ukatoka kwenye udongo. Kifungo kilikuwa kimeshika kutu ya kijani, lakini taji ilionekana. Harufu ikatufikia baadaye kidogo. Sebit akaachia jembe, akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta wa baraza.

Niliwaangalia wazee, kila mmoja anaangalia miguu yake. Nilimwangalia Andama. Uso wake ulikuwa umepauka, nikajua naye hakuambiwa kilichokuwa pale. Wakubwa wake walimleta tu, wakampa kiti.

"Nani anajua huyu mutu?" akauliza polepole. Alikuwa anatuomba tusijue.

Nikasema, "Ni mwana wa Adamu, afande. Niruhusu nimfunike."

Akakubali kwa kichwa. Nikajivua shuka niliyojitanda nikaitandaza juu yake, na mkanda nikaurudisha pale pale.

"Fukia," Andama akasema. "Kesi imekwisha. Kiwanja ni ya mama. Na hapa mmeona mkaa tu."

Sebit hakubisha. "Mpaka iko pale, shemeji," alisema. "Mimi sitaki hata hatua moja hapa." Tangu siku ile hakuja tena upande wangu.

Siku ya soko Kiden alikuja na mfuko wa simsim, ule ufuta wetu. Akakaa kwenye mkeka wangu, akatabasamu.

"Nasikia umeshinda, dada. Mzee akirudi kutoka Sudan atafurahi. Alisema mkaa haiozi."

Nilitazama barabarani. Land Rover haikuwepo. Andama akijua nimesema, nyumba niliyopewa ataninyang'anya, na labda si nyumba tu. Rehemah alikuwa anapeta mtama uani, nikamwambia aingie ndani.

Kisha nikamshika Kiden mkono, nikampeleka nyuma ya nyumba, upande wa baraza, mpaka pale pembeni udongo ulipokuwa bado mwekundu. Alidhani namwonyesha mpaka wangu, akataka kuukanyaga.

"Dada," nikamwambia, "vua viatu."

Alinitazama usoni. Halafu akainama.