Flaiwili la Shilinde

Ngumi ya kwanza Cleopa aliila siku ya Alhamisi, na aliistahili, maana alikuwa amecheka.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila mwenye ng'ombe wa kuuza alikuta kitu cha kununua. Shilinde aliuza ng'ombe kumi na wanane, akanunua gari jekundu la spoti, milango miwili, limelala chini kama mjusi. Mwezi haujaisha, akaenda nalo Kidodi, akakuta lori la miwa limekwama topeni, akalivuta. Kwa nini? Kwa sababu wanawake walikuwa wanatazama. Lori lilitoka. Klachi iliungua mpaka gari likanuka kama kwato zilizochomwa.

Gerejini kwake Mikumi, Cleopa alishusha giaboksi, akafungua flaiwili, lile gurudumu zito la chuma ambalo klachi huling'ang'ania, akalikuta limekuwa la buluu kwa moto. Akacheka. Akala ngumi ya Shilinde, akamrudishia mwenzake ya tumbo, kisha wakakaa kunywa soda. Ndivyo walivyokuwa. Cleopa Mvidunda na Shilinde Msukuma walijifanya watani zamani, na hakuna mzee aliyeulizwa. Kila asubuhi Cleopa alimtangazia Shilinde kifo: leo nimeota unazikwa, jana nimepima jeneza lako, miguu imebaki nje. Shilinde naye alimwita nyani wa milimani.

"Jipya Dar bei gani?" Shilinde aliuliza.

"Bei ya zizi zima."

"Basi nitengenezee kwa bei ya mkia."

Njia ilikuwepo. Klachi pleti, ile sahani ya klachi, inabanduliwa lainingi iliyokwisha, yaani bitana yake ya msuguano, inapigiliwa kwa misumari ya ribiti lainingi ya lori iliyokatwa upya. Flaiwili linapelekwa Kilosa kwa mzee Mwinshehe, mwenye mashine ya kuchonga vyuma, analinyoosha uso. Shilinde alilipeleka mwenyewe, akarudi nalo Ijumaa linang'aa kama sahani ya harusi.

Cleopa akalining'iniza kwa waya, akaligonga kwa nyundo. Chuma kizima hulia muda mrefu. Hili lilisema ko, likanyamaza.

"Lina ufa," alisema. "Umeingia ndani, na mzee kalipunguza unene. Likizunguka kwa kasi litapasuka, litakukata miguu. Utakufa, mtani."

Shilinde alicheka mpaka akashika ukuta. "Leo umeota kwa ufundi!"

"Sitanii."

"Wewe? Lini ulifanya kitu kingine?"

Cleopa akaapa kwa Biblia ya marehemu mama yake. Shilinde akazidi kucheka, maana mwaka jana aliapiwa kwa Biblia hiyo hiyo kuhusu jeneza.

Jumamosi alfajiri Cleopa akapanda basi la Kilosa. Uani kwa Mwinshehe kulikuwa na pikapu iliyopinduka, injini yake ndugu wa tumbo moja na ile ya gari jekundu. Mzee alimpa flaiwili la pikapu hiyo kwa bei ya chuma chakavu, akalichonga kidogo tu. Cleopa aliligonga, likaimba. Akalipakata kwenye basi mpaka Mikumi, na mama mmoja akamuuliza kama limelala.

Alichelewa. Shilinde alikuwa amemleta fundi wa matrekta, flaiwili lenye ufa limekwisha kufungwa, na gari linanguruma mbele ya gereji. Shilinde alikuwa kwenye usukani, na kando yake alikaa mkewe Kashindye katika gauni la kanisani, tayari kwenda Kilosa kupiga picha.

"Zima!" Cleopa alipiga kelele.

Shilinde akakanyaga mafuta ili asimsikie.

Cleopa akachukua nyundo, akakipiga kioo cha mbele kikamwagika chote mapajani mwao. Shilinde akatoka na spana ya matairi. Hapo utani uliisha. Pigo la kwanza lilivunja mkono wa kushoto wa Cleopa kama muwa. Cleopa akampiga kichwa cha pua, damu ikashuka kwenye shati jeupe; akamng'ata sikio, akabaki na kipande. Shilinde akamkaba koo, akamgonga kisogo kwenye bampa mara mbili, mara tatu, akamtupa kwenye matope ya oili, akarudi kwenye usukani.

"Sikiliza linavyolia, nyani we!" Akakanyaga mafuta mpaka mwisho.

Cleopa akatambaa upande wa pili, akafungua mlango, akamshika Kashindye mguu kwa mkono uliobaki, akamvuta kama mbuzi anayekataa kwenda mnadani. Wakaanguka wote chini.

Mlio ulikuwa mmoja. Kipande cha flaiwili kilitoboa sakafu ya gari, kikatoboa paa, kikatoboa na bati la gereji. Kingine kilibaki ndani. Kisha Shilinde akaanza kumwita mama yake kwa Kisukuma. Mguu wa kushoto, chini ya goti, ulishikiliwa na suruali tu.

Cleopa akanyakua mkanda wa feni, akauzungushia paja la mwenzake, lakini kukaza kulitaka mikono miwili. Na Kashindye alikwisha kumfikia, kiatu mkononi, anamtwanga kichwani.

"Mchawi! Kila siku ulimtabiria! Kila siku!"

"Nipige, shemeji," Cleopa alisema, "lakini shika hapa. Vuta. Usiachie."

Kashindye akashika. Akavuta kwa mkono mmoja, akaendelea kumtwanga kwa mwingine, na damu ikapungua, ikawa matone, ikakoma.