Tishu Iliyofuliwa

Mara ngapi nimemkataza Carolyne, anayesafisha maabara ya kiwanda chetu cha karatasi hapa Dubai, asiguse meza yangu? Asubuhi nafika, meza tupu! Tishu ya jikoni niliyoitengeneza jana kwa nyuzi za makuti ya mtende, jaribio la arubaini na moja, haipo.

"Carolyne! Tishu yangu iko wapi?"

"Tishu gani, madam Shifaa? Kulikuwa na kitambaa tu, kimemwagikiwa chai. Nimekifua."

"Umekifua?"

"Na sabuni. Nikakikamua, nikakianika dirishani. Nisamehe, madam."

Kwao Kitale kitambaa hakitupwi mpaka kifuliwe kiishe.

Nikakimbilia dirishani. Ile pale, inaning'inia kwenye kibanio, nzima, haina hata tundu! Zile arubaini za kwanza ziliyeyuka kwa tone la maji, na hii imekamuliwa na mikono iliyozoea kukamua mablanketi.

Nikapiga kigelegele, nikampigia simu sir, bosi wetu wa maabara.

"Haichaniki ikilowa! Na haina gundi ya plastiki hata chembe!"

"Umeipima kwa mashine gani?"

Nikamtazama Carolyne, bado anaomba msamaha. Nikamkabidhi simu.

"Mwambie mwenyewe."