Vibao vya Koki

Kwa miaka mitatu Wilbert Byabato hakuwa na mtu wa kushika nafasi yake kazini, na mwanzoni jambo hilo lilimnogea sana.

Alikuwa fundi wa mitambo ya maji katika kiwanda cha samaki mjini Bukoba. Maji machafu ya kuoshea minofu yalipita upande mmoja wa utando mwembamba, na upande wa pili yalipita maji ya chumvi kali. Chumvi iliyavuta maji yakavuka utando, vilevile kama inavyomkamua samaki anayekaushwa, na uchafu ukabaki ulikotoka. Yakishatenganishwa na chumvi, maji hayo yalikwenda kupooza mashine za baridi. Hakuna muujiza hapo. Ila utando wenyewe ni mwororo: presha ikizidi unachanika, baridi inakata, na sangara wote waliomo ndani wanaoza.

Wilbert alitaka ajue yeye tu. Meneja, Bwana Kahangwa, alipomletea kijana wa kazi aitwaye Lameki ajifunze, Wilbert alimwona mtu aliyekuja kumnyang'anya ugali. Basi akabadilisha vibao viwili vya bati kwenye koki. Kile cha CHUMVI akakining'iniza kwenye koki ya kupunguza presha, na cha KUPUNGUZA kwenye koki ya chumvi. Presha ilipopanda, Lameki alisoma kibao, akafungua koki yenye KUPUNGUZA, chumvi ikamiminika badala ya presha kushuka, na utando ukachanika mbele ya macho yake. Alifukuzwa siku hiyohiyo, ikiaminika kwamba hakufuata kibao. Kahangwa akatoa amri kwamba kuanzia hapo hakuna atakayegusa koki kinyume cha kibao chake. Wilbert aliitikia pamoja na wenzake. Vibao hakuvirudisha, kwa kuwa yeye alizijua koki kwa kichwa.

Ujanja huo ndio uliomfunga. Akiomba likizo, Kahangwa humuuliza nani atabaki na mtambo. Alikatazwa kulala mbali kuliko chumba chake cha kupanga Kashai, mwendo mfupi wa bodaboda. Baba yake alipougua kwao Buganguzi, mzee alikuwa akimpigia simu kila Jumapili kumuuliza, bila kulaumu, atakuja lini.

"Nikipata likizo, tata," Wilbert alimjibu, Jumapili baada ya Jumapili, hadi mzee akaacha kuuliza.

Mzee alifariki Jumanne. Wilbert aliruhusiwa siku mbili, na mtambo ukaachiwa Zuena, binti wa mtaa wa Hamugembe ambaye hata mwezi kazini alikuwa hajamaliza.

Alhamisi asubuhi ukoo ulimkalisha Wilbert kichwani pa jeneza, kwa sababu ndiye musika, mrithi wa nyumba ya baba, na musika hainuki hapo mpaka baba yake atolewe kwenda kuzikwa. Sebule ilijaa watu waliokaa juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni, kimya, wakimngoja padri. Hapo ndipo simu ikaita.

"Pole na msiba, kaka," alisema Zuena. "Presha imepanda. Nafungua koki iliyoandikwa KUPUNGUZA?"

"Usifungue," Wilbert alinong'ona. "Fungua iliyoandikwa CHUMVI."

Upande wa pili Kahangwa akadakia, kumbe simu ilikuwa kwenye spika. Alisema Lameki naye alijifanya mjuzi, na kwamba kibao kitafuatwa. Akamwamuru Zuena afungue KUPUNGUZA.

Wilbert alitamani ardhi impasukie. Kutoka nje aongee hakuweza, na kunong'ona hakukumsaidia tena. Mama yake, Ma Klaudia, alikuwa akimtazama kutoka ng'ambo ya jeneza. Akikaa kimya, baada ya dakika moja Zuena naye angekwenda nyumbani kama Lameki, na hakuna ambaye angejua.

"Zuena, toa mkono," alisema kwa sauti ya kawaida, na sebule nzima ikamsikia. "Vibao ni vya uongo. Nilivibadilisha mimi. Lameki hakukosea kitu, alisoma nilichomwandikia."

Kisha zikasikika hatua, koki ikakwaruza, na Zuena akasema presha inashuka. Wilbert alifumba macho.

Kahangwa hakufoka. Alimwambia Zuena achukue karatasi aandike kila koki na kazi yake, kisha akaishika simu mwenyewe.

"Wilbert, ile likizo uliyokuwa unaomba," alisema. "Nimekupa. Usiharakishe kurudi."

Simu ikakatika. Wilbert aliiweka juu ya nyasi, kando ya jeneza.

"Wanakuita?" mama yake aliuliza taratibu.

"Hapana, mawe," alimjibu mama kwa Kihaya. "Wamenipa likizo."

Ma Klaudia aliuweka mkono juu ya mbao, hapo kilipokuwa kifua cha mumewe.

"Basi mwambie," alisema. "Alikuwa akiuliza."